Nguzo nne mtoni: daraja la reli lililopotea upande wa Nachingwea

Swali: Shikamoo, mzee wangu. Nafundisha shule ya msingi upande wa Nachingwea. Nyuma ya kijiji chetu kuna mto wa msimu, na ndani yake zimesimama nguzo nne za zege na kuta mbili kubwa kingoni. Wazee wanasema lilikuwa daraja la reli la Mjerumani, lakini hakuna reli wala chuma kilichobaki, na vijana wameanza kuvunja zege wauze kokoto. Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli chenye maandishi yaliyofifia. Nitaipataje historia ya daraja hili niwaandikie wanafunzi?

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifurahisha, na imenitia haraka pia kwa sababu ya hao vijana wa kokoto. Nao nitawafikia, ila tuanze na Mjerumani.

Katika nchi yetu jengo lolote gumu lisilo na mwenyewe huambiwa ni la Mjerumani. Wazee wanaposema hivyo hawadanganyi. Wanamaanisha lilikuwapo kabla hawajapata akili. Ila reli za Mjerumani zinajulikana moja moja. Ya Tanga ilianza 1893 ikafika Moshi 1911. Ya Kati ilitoka Dar es Salaam 1905 ikaingia Kigoma 1914. Kusini walipanga kupeleka reli hadi Ziwa Nyasa, wakatuma watu kuchunguza njia, kisha vita ikawakuta bado hawajaijenga. Kwa hiyo treni kubwa ya Mjerumani haikuwahi kupita Nachingwea.

Iliyopita kwenu ni reli ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa wazo la kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki, na serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, aje kuchunguza. Mwaka uliofuata mradi ukapitishwa: zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika, kwenye vituo vya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kusini ndiko kulikopangiwa mashamba mengi kuliko pote, na ndiko hakukuwa na reli wala bandari ya maji marefu. Vyote viwili vikaanza kujengwa pamoja na mashamba. Kwanza ikatengenezwa gati ya muda pale Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, na kutoka hapo reli ya upana wa mita moja ikapanda bara hadi Nachingwea. Ilifika 1949. Bandari ya Mtwara ikaja baadaye, ikafunguliwa 1954 na kuunganishwa na njia hiyo hiyo, na lipo tawi lililokwenda Masasi.

Mradi wenyewe ulishakufa kabla meli haijafunga Mtwara. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha, ikiwa imepoteza zaidi ya pauni milioni 36. Reli ikabaki na mazao ya wakulima na abiria, mzigo ambao haukutosha kuilisha. Ilifungwa 1962, miezi michache tu baada ya Uhuru, kisha ikang'olewa. Treni ilipita kwenu miaka 13 hivi, basi.

Ufupi huo unakufaa sana. Daraja la reli ya Kati limeishi zaidi ya karne, limekarabatiwa na kuimarishwa mara nyingi hata kila nguzo ina umri wake. La kwenu, kama ni la reli ya karanga, lina mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Hivyo katika kazi yote usiulize daraja kwanza. Uliza mzigo: nini kilipita juu yake, kutoka wapi kwenda wapi, na kilikoma lini. Ukiupata mzigo, tarehe za daraja zitakuja zenyewe.

Nimesema "kama", na neno hilo nimeliweka makusudi. Kusini kulikuwa na reli nyingine ndogo ambayo watu wengi wameisahau. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliposonga kutoka Lindi kuyafuata ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hadi ile vita ya Mahiwa ya Oktoba 1917, ilitumika njia nyembamba ya upana wa sentimita 60, ya vitoroli, kutoka Mingoyo kuelekea bara. Baada ya vita iliendelea kutumika kwa miaka kadhaa upande wa Masasi. Mashamba ya mkonge ya zamani nayo yalikuwa na vijireli vya aina hiyo. Kwa hiyo babu anayesema "hapa palipita reli ya wakati wa vita ya Mjerumani" huenda ana kumbukumbu sahihi kabisa, ila anaiweka juu ya nguzo zisizohusika. Ndivyo historia za madaraja zinavyochanganyikana: njia mbili katika bonde moja, jina moja likameza la pili.

Sasa shuka mtoni, na ushuke kiangazi hiki kabla mvua za Desemba hazijajaza. Chukua futi kamba ndefu, daftari, simu ya kupigia picha na wanafunzi wawili wa darasa la saba wenye mwandiko mzuri. Kwanza pima nafasi kati ya nguzo na nguzo: kutoka uso hadi uso, halafu kutoka katikati hadi katikati. Andika kwa mita, kisha geuza kwa futi. Mwingereza wa enzi hizo alichora kwa futi, Mjerumani kwa mita. Nafasi ikitoka mita 12.2, hiyo ni futi 40 kamili. Ikitoka mita 18.3, ni futi 60. Ikitoka mita 10 au 15 kamili, nitaanza kuwasikiliza tena wazee wako wa Mjerumani. Nakuambia hili kwa uzito kwa sababu ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, na ndicho watu wanachokiruka wakakimbilia kuulizana rangi ya zege.

Halafu panda juu ya nguzo, kwa ngazi na kwa uangalifu. Utaona mahali mihimili ya chuma ilipokalia: vitako bapa, mara nyingi na mashimo au vishina vya boliti. Pima umbali kati ya kitako cha kushoto na cha kulia. Daraja la njia ya mita moja hubebwa na mihimili iliyoachana zaidi ya mita moja, na kichwa cha nguzo huwa kipana kwa kadiri hiyo. Kitoroli cha sentimita 60 hakihitaji ukubwa huo. Kilipita juu ya magogo na mbao ambazo mchwa wamekwisha kuzimaliza. Kwa sababu hiyo peke yake, nguzo kubwa za zege ulizonieleza zinanipeleka 1947 hadi 1949 zaidi ya 1917.

Tazama pia vishina vya boliti vyenyewe, maana ndivyo vinavyosema daraja lilikufaje. Boliti iliyofunguliwa kwa spana huacha nyuzi zake nzima. Iliyokatwa kwa gesi ina uso ulioyeyuka na kingo zenye matone ya chuma. Iliyopindishwa na kung'oka pamoja na bonge la zege inasimulia mafuriko au mshituko. Ukikuta nguzo imeinama, chimba kidogo upande wa chini wa mkondo; mhimili uliosombwa mara nyingi haufiki mbali, hufukiwa na mchanga hatua chache tu. Na ukikuta boliti zote zimefunguliwa vizuri, ujue daraja halikuanguka: lilivunwa. Walikuja mafundi, wakafungua, wakapakia, wakaondoka, na mihimili hiyo huenda bado inafanya kazi mahali pengine leo.

Hilo la mwisho si maneno ya kukufariji. Kule Uskochi, usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, daraja la reli juu ya mto Tay lilivunjika katikati kwa dhoruba, treni ikiwa juu yake, na hakunusurika abiria hata mmoja. Daraja jipya lilipojengwa kando yake na kufunguliwa 1887, sehemu ya mihimili ya daraja la zamani ambayo haikuanguka ilihamishiwa kwenye jipya. Kichwa cha treni kilichozama kiliopolewa kikarudi kazini kwa miaka mingi. Vishina vya nguzo za zamani bado vinaonekana majini sambamba na daraja jipya, kama vyako. Chuma cha reli hakitupwi. Anayetafuta daraja lililopotea hana budi kuuliza pia mihimili ilikwenda wapi.

Hapo ndipo kengele yako ya shule inapoingia. Kipande cha reli kina shingo nyembamba kati ya kichwa na kitako, na kwenye shingo hiyo kiwanda kilichapa herufi zilizoinuka: jina la kiwanda, mwaka, na mara nyingi uzito wa reli kwa yadi au kwa mita. Usiipake rangi, na usiipige msasa. Isugue taratibu kwa brashi ngumu na maji, iache ikauke, kisha uimulike kwa tochi kutoka ubavuni usiku. Herufi ambazo mchana hazionekani zitatupa kivuli. Njia nyingine ni kuweka karatasi juu ya maandishi na kusugua kwa mkaa au penseli, kama watoto wanavyofanya na sarafu. Wanafunzi wako watalipenda zoezi hilo.

Ila usiupokee mwaka huo haraka. Mwaka ulioko kwenye reli ni wa kiwanda, hausemi njia ilitandikwa lini. Reli iliyochapwa 1908 inaweza kuwa imetumika kwingine kwanza ikaletwa kwenu ikiwa mtumba, au ilikuja kijijini kwa lori miaka ya 1970 kwa ajili ya kengele tu. Mwaka wa kiwanda unakupa mpaka mmoja: kipande hicho hakiwezi kuwa kilitandikwa kabla ya hapo. Tafuta na vipande vingine. Nguzo za nyumba, mlingoti wa bendera, daraja la miguu, zizi la ng'ombe, lango la kanisa au msikiti: reli iliyong'olewa huenda huko. Ukipata vipande vitano vyenye mwaka unaokaribiana, hapo nitaamini.

Kisha fuata tuta. Treni haipandi mlima kwa ghafla wala haikati kona kali, kwa hiyo njia yake ya zamani ni mstari laini unaopinda polepole mno, unaokata kilima mahali na kuinuka juu ya bonde mahali pengine. Barabara za vijijini hazifanyi hivyo. Fungua picha za setilaiti kwenye simu, anza kwenye nguzo zako, tazama pande zote mbili; mara nyingi tuta huonekana kama mstari wa miti au wa majani ya rangi tofauti, au njia ya baiskeli iliyonyooka kupita kiasi. Ukiufuata kwa miguu utakutana na makaravati madogo, yaani vipitisho vya maji chini ya tuta. Usiyadharau. Karavati lilijengwa na watu wale wale wa daraja, na kwa kuwa hakuna aliyelijali, mara nyingi limebaki zima.

Sasa wazee. Hapa ndipo ninapokusihi uharakishe. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 akipigilia mataruma mwaka 1949 amezaliwa karibu na 1929. Wa rika hilo wamebaki wachache sana. Lakini waliokuwa watoto treni ilipokoma bado wapo, na mtoto hukumbuka treni kuliko mtu mzima. Usiwaulize mwaka. Ukimuuliza mzee mwaka, kwa heshima yake kwako mwalimu atakutajia mmoja, na utaandika kosa. Muulize treni ilikuwa na rangi gani, ilibeba nini, ilipita asubuhi au jioni, mama yake alikuwa anauza nini kituoni. Halafu mpe vigingi vya kufungia kumbukumbu. Kipo kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952: je, treni ilikuwa inapita siku zile? Daraja lilistahimili mvua ile? Kuna Uhuru wenyewe, Desemba 1961: kuna aliyepanda treni kwenda kwenye sherehe? Na kuna ujio wa wapiganaji wa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walioweka kambi Nachingwea katikati ya miaka ya 1960: walipofika, reli zilikuwa bado zimelala chini au zimekwisha kung'olewa? Mwaka wa jando la mzee nao ni kigingi kizuri, kwa kuwa wenzake wa kumbi moja wanaweza kumsahihisha.

Jambo moja ambalo wageni hawalijui, nawe mwenyeji unaweza kulisahau kwa kulizoea: watu wanaoishi karibu na nguzo leo huenda si watoto wa walioishi hapo treni ikipita. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilihamisha watu kwa wingi na kuwakusanya upya. Kwa hiyo mzee wa kijijini kwako anayesema "ya Mjerumani" huenda alihamia akazikuta nguzo zimesimama peke yake, akapewa maelezo na aliyemtangulia kufika, naye mgeni vile vile. Uliza kila mmoja alikuwa anaishi wapi kabla ya vijiji. Yule aliyetoka kando ya tuta, hata kama sasa yuko vijiji vitatu mbele, ndiye shahidi wako. Waulize na akina bibi. Kila nilipokwenda kupima njia za zamani, wanaume walinieleza vichwa vya treni, wanawake wakanionyesha mahali hasa iliposimama, kwa sababu ndipo walipokuwa wakiuza mihogo na maji.

Karatasi zipo, ila si zote ziko mahali utakapodhani. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam ina mafaili ya utawala wa Jimbo la Kusini na vile vitabu vya wilaya ambavyo mabwana shauri walivijaza mkono kwa mkono. Humo utapata malalamiko ya fidia ya mashamba yaliyopitiwa na njia, ugomvi wa vibarua, mvua iliyokata tuta. Kwa daraja lenyewe, michoro na hesabu zake, kumbuka kwamba kuanzia 1948 reli zote za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours, na makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Kwa hiyo historia ya daraja la Nachingwea inaweza kuwa imelala katika Nyaraka za Taifa za Kenya, au katika makumbusho ya reli ya Nairobi yaliyofunguliwa 1971. Ripoti za kila mwaka za shirika hilo ndizo za kuanzia. Zinataja njia zilizofunguliwa na zilizofungwa.

Na London kuna kona isiyotazamiwa. Mradi wa karanga haukuwekwa chini ya wizara ya makoloni. Uliwekwa chini ya Wizara ya Chakula, waziri akiwa John Strachey, na shirika lililouendesha kuanzia 1948, Overseas Food Corporation, liliripoti kwake. Anayetafuta katika mafaili ya koloni la Tanganyika peke yake ataona nusu ya habari na kudhani ndiyo yote. Nusu nyingine iko kwenye mafaili ya chakula. Mijadala ya bunge la Uingereza ya miaka hiyo imewekwa wazi kwenye intaneti bila malipo, na wabunge waligombana sana juu ya Kusini: reli, bandari, fedha. Andika "Nachingwea" kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha "Mkwaya", kisha "Southern Province". Badilisha na tahajia, maana makarani waliandika walivyosikia. Hata daraja kubwa linaweza kujificha nyuma ya jina: daraja la kwanza la reli la kuingia kisiwa cha Mombasa, la mbao, la 1896, Waingereza waliliita Salisbury kwa heshima ya waziri mkuu wao, hali mahali penyewe ni Makupa. Atafutaye Makupa tu hatalipata.

Ramani nazo usiziache. Idara ya upimaji ya Waingereza ilitengeneza ramani za nchi hii za kipimo cha 1:50,000 kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege. Omba ofisi ya upimaji na ramani ikuonyeshe toleo la zamani kuliko yote la eneo lenu, na la baada yake. Reli ikichorwa kwenye moja kama njia hai na kwenye nyingine kama tuta lililoachwa, umeupata mwisho wake kwa karatasi mbili tu.

Narudi kwa vijana wa kokoto. Usiwapeleke polisi, na usiwahutubie. Wamekosa kazi, na hakuna aliyewaambia nguzo hizo ni kitu gani. Walipe kibarua cha siku mbili wakusaidie kupima, kupanda na kufyeka tuta. Kamati ya shule haitashindwa posho hiyo. Kijana aliyeshika ncha ya futi kamba na kuona futi 40 zinatoka mara tatu mfululizo hatairudia nyundo kwa moyo ule ule. Ongea pia na mwenyekiti wa kijiji azimio liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano mkuu. Lakini piga picha kwanza, leo au kesho: kila nguzo, pande zote nne, ukiweka rula au mtoto kando yake ili ukubwa uonekane. Azimio linaweza kuchelewa. Picha isichelewe.

Vipimo vya nafasi za nguzo, umbali wa vitako na herufi za kengele vikitoka, nitumie hata kama havijakamilika. Kwa hivyo vitatu nitaweza kukuambia kama tunaandika habari za 1949 au kama nimekosea mimi na wazee wako wana haki.